Kidole Kwenye Kioo cha Mwenzake

Programu ya kujifunza herufi za Kichina ilipoingia shuleni kwetu Kitaji, mimi ndiye niliyeipokea kwa vigelegele. Shule yetu inafundisha kwa Kiswahili na Kiingereza, na Kichina kilipoongezwa nilikabidhiwa mimi, kwa sababu tu nilikuwa nimehudhuria kozi fupi. Kila mtoto alipewa kishikwambi chake. Anafuatisha herufi kwa kidole: akianza na mstari unaotakiwa, kioo kinakuwa kijani, akikosea, chekundu. Alama zinajijumlisha zenyewe.

Waliotengeneza programu hawakuwajua watoto wetu. Huku kando ya ziwa, mwenzako akielemewa na wavu unashika kamba bila kuitwa. Basi darasani, mtoto akikwama kidogo tu, kidole cha jirani kimeshafika. Niligomba mpaka koo likakauka. Aliyezidi ni binti mmoja aliyetoka Kibara, mpole, aliyezipenda herufi zile kuliko chakula. Alikuwa akiwamalizia wenzake, hasa rafiki yake wa Butiama aliyekaa naye dawati moja, huku kishikwambi chake mwenyewe kimelala.

Kisha kishikwambi kimoja kikaharibika, na programu haikubali watoto wawili kwenye kimoja. Mwalimu mkuu akaamua: mtoto mmoja atolewe, arudi kwenye kipindi cha ufumaji pamoja na wasiosoma Kichina, na awe yule wa mwisho kwa alama. Wa mwisho alikuwa binti wa Kibara.

Sikukubali. "Madam, huyu ndiye anayejua kuliko wote," nikamwambia pale pale, mbele ya watoto. "Hizo alama za wenzake ni za kidole chake."

"Mashine haina upendeleo, mwalimu," akanijibu. "Haya, aandike nimwone. Akiweza anabaki, na anatoka anayemfuata kutoka chini."

Anayemfuata alikuwa yule rafiki yake wa Butiama, na darasa zima lilijua.

Nikamwambia binti aandike herufi ya maji. Herufi hiyo alikuwa akiiandika huku anapiga soga. Inaanza na mstari wa katikati. Yeye akaanzia pembeni, kioo kikawa chekundu. Nikamwambia atulie, arudie. Akaanzia pembeni tena. Mkono haukumtetemeka hata kidogo, na hapo ndipo nilipoelewa anafanya nini. Nilitamani kumtikisa mabega. Nilitamani kulia pia.

"Sijui, mwalimu," akasema, hanitazami usoni.

"Umeona sasa?" mwalimu mkuu akaniuliza. "Haya mwanangu, chukua begi lako."

Akalichukua. Rafiki yake alikuwa ameinamia kioo, anajaribu kuandika herufi ile ile, machozi yanamtoka na kioo hakibanduki kwenye wekundu. Binti akapita ubavuni pake, begi begani. Akapunguza mwendo. Moyoni nikamwomba Mungu apite tu, halafu papo hapo nikaomba asipite, sijui nilitaka nini. Kidole chake kikashuka chenyewe, kikaanzia katikati, kikamaliza mistari yote mpaka wa mwisho. Kioo kikawa kijani.

Nadhani hakujua hata kama amekigusa. Aliposhtuka, mwalimu mkuu alikuwa ameshafika nyuma yake.

"Rudi ukae," akamwambia. Kisha akamgeukia rafiki yake, kwa sauti ya upole kabisa. "Na wewe mwanangu, inuka."

Mtoto akainuka. Akafuta machozi yaliyodondokea kioo kwa pindo la sketi yake, akakiweka kishikwambi mezani vizuri, akatoka. Binti wa Kibara akabaki amesimama, begi bado begani, ananitazama mimi, maana mimi ndiye niliyemsemea.

"Mwalimu," akasema, "mimi nilikuwaga namsaidia tu."