Kidole Gumba cha Mchora Grafu

Mchora grafu wa ofisi ya maji ana adabu iliyopitiliza, na hiyo ndiyo iliyomtia muuguzi wasiwasi. Kila mwezi huleta zahanati grafu ya uchafu wa visima, ameishika kwa juu, kidole gumba pembeni palepale, sauti laini kama mafuta: "Visima shwari, dada." Shwari gani, na watoto wanaharisha? Leo muuguzi akasogea karibu. "Hebu ondoa hicho kidole, kaka." Mchora grafu akacheka, akakohoa, akakiondoa. Juu kabisa, mbali na nukta nyingine, palikuwa na nukta moja iliyochorwa kwa uangalifu, na jina lake chini: kisima cha zahanati. Muuguzi akaligeukia jagi la maji mezani. Tangu asubuhi alikuwa akiwapa watoto maji yake wamezee dawa.