Jumbe Alivyoota Meno

Niseme kwanza jambo la haki, kabla sijaeleza hofu tuliyoishi nayo. Baba yake bibi alikuwa jumbe kweli wakati wa mkoloni, na alipiga watu kweli. Bibi yangu, mzaa mama, alikuwa mtoto wake wa mwisho, na ndiye aliyenieleza. "Alipiga. Asiyetoa kodi alifungwa kwenye nguzo pale barazani, kuku wake wakachukuliwa. Wengine tuliwala sisi." Alisema hivyo huku anapepeta ulezi, bila kujivuna na bila kuona aibu. Kwa hiyo mtu asidhani naandika ili kumsafisha mzee yule. Sikumwona. Shule niliishia darasa la saba, na mambo ya zamani nayajua kwa kusimuliwa, huenda mengine nimeyashika vibaya.

Igizo lenyewe lilikuja miaka ile biashara ilipofunguliwa. Kahawa, ambayo tulizoea kupeleka ushirika tu, sasa ilifuatwa hadi mlangoni na wanunuzi wenye magari yao. Mitumba ilijaa soko la Mbinga. Kitai kulikuwa na banda la video, unalipa, unakaa kwenye benchi, unatazama watu wakiuana mpaka basi lako lifike. Mwalimu mmoja aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa mwingine akatunga igizo kwa ajili ya sikukuu ya kanisa la kigango, kuhusu maisha ya mababu zetu chini ya jumbe. Alikuwa mtu mwema, naomba hilo lieleweke. Alizunguka kuwauliza wazee, na kwa bibi pia alifika, akamwamkia vizuri, akanywa uji, akasikiliza.

Mara ya kwanza jumbe wa kwenye igizo alikuwa vilevile kama bibi alivyoeleza. Alidai kodi, akafunga watu, akabeba kuku. Watu wakapiga miayo. Kijana mmoja aliyesimama nyuma akapaza sauti, "Mwalimu, huyo ni jumbe au karani wa ushirika? Mbona hatishi?" Uwanja mzima ukacheka. Mwalimu naye alicheka, lakini niliona neno lile limemwingia.

Waliporudia kwenye kigango cha jirani, jumbe alitokea na koti refu jeusi la mitumba na kicheko alichojifunza kwenye banda la video. Watoto wakakimbilia mama zao, na mwalimu akafurahi. Baadaye jumbe akaota meno, yaliyochongwa kwa mianzi, yakitokeza nje ya midomo. Baadaye tena akanywa kitu chekundu kwenye kibuyu. Kila walipoonyesha, aliongezewa kitu, na kila alipoongezewa, watu walizidi kuja, hata watu wa mbali, wa kutoka Namswea.

Mwisho wakaleta shamba la ngolo. Huku milimani ndivyo tunavyolima. Wanaume wanafyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatana kama wavu. Wanawake wanachimba udongo wa katikati na kuzifukia, hadi mteremko mzima unabaki mashimo mashimo, na nyasi zinaoza chini kuwa mbolea. Kwenye igizo, waliolazwa walikuwa watu walioshindwa kodi. Jumbe alisimama juu yao akiunguruma, "Laza! Fukia!" na akina mama wa kwaya waliwafunika kwa majani huku wakiimba wimbo uleule tunaochimbia. Hapo hakuna aliyepiga miayo. Nilimtazama jumbe yule nikamchukia, mimi mjukuu wa binti yake.

Mwalimu hakutaja shamba la nani. Lakini kwetu alitawala jumbe mmoja tu, na mteremko aliouacha ndio huo bibi na mimi tuliokuwa tunaulima.

Ulipofika wakati wa kuchimba, kabla ya kupanda maharage, tukapika pombe na kuita majirani kama kila mwaka. Ukiwa na kazi kubwa unafanya hivyo, wanakuja na majembe, wanachimba, wanakunywa, tunaita ngokela. Asubuhi ile ukungu ulikuwa mzito. Tulikaa tukisikiliza njia. Akaja mama mmoja tu, jirani wa upande wa chini, mikono mitupu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Jembe umelisahau, au umeleta mdomo wa kunywea tu?"

Hakucheka. "Bibi, sina ugomvi na wewe. Nimekuja ili usije ukasema hatukukuambia. Watu hawatachimba pale."

"Kuna nini pale?"

"Kuna wale waliolazwa."

Bibi akacheka peke yake. "Wewe umechimba pale tangu ulipoolewa, na maharage yake umekula. Uliona mfupa?"

"Nilikuwa sijajua, bibi."

Alijibu kwa upole kabisa, na upole huo ndio ulionitisha. Kama angetukana, ningejua la kujibu.

Baada ya hapo kisimani walinipisha nichote peke yangu. Watoto wakitoka shule walipita karibu na nyumba wakiunguruma kama jumbe, kisha jiwe linadondoka kwenye bati, kisha mbio. Halafu mtoto wa yule mama jirani akashikwa na homa isiyoshuka. Nilianza kuogopa moshi wa jiko la mtu yeyote ukitokea mahali nisipoutarajia. Bibi alikuwa mzito wa miguu, na nyumba yetu paa lake la jikoni lilikuwa la nyasi.

Nikaenda kwa mwalimu. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama mlangoni. Alishika kichwa. "Dada, ule ni mchezo. Kila mtu alimwona mchezaji anavua yale meno anakula wali na sisi."

"Meno waliona anavua, mwalimu. Shamba halivuliki."

Akaahidi kuitoa sehemu ile, na aliitoa, ni haki niseme. Lakini walipoonyesha tena na jumbe akataka kuondoka bila kufukia mtu, watu wakaanza wenyewe, kwanza vijana, kisha wazee, wakipiga makofi: "Laza! Fukia! Laza! Fukia!" Wachezaji wakatazamana, mmoja akalala chini, wengine wakafuata. Mwalimu alikuwa amesimama pembeni, midomo ikicheza bila sauti.

Siku chache baadaye vijana wakaja na majembe. Walisema wanataka kuona. Niliwasihi, lakini bibi akaniambia niwaache, wachimbe, waridhike. Tulikaa juu ya shamba tukiwatazama wakivunja ngolo moja baada ya nyingine. Ukatoka udongo mweusi, nyasi zilizooza, minyoo, basi. Wakachimba hadi wakafika udongo mwekundu ambao jembe halijawahi kuugusa. Nilianza kupumua. Nikawaza, leo yamekwisha.

Mmoja akajifuta jasho. "Hakuna kitu."

"Si nilisema?" bibi akaitikia.

"Basi amewahamisha," kijana akasema.

"Nani?" nikauliza.

Aliitazama nyumba yetu, na wengine wakaitazama. Mwingine akasema, taratibu, kama anayeaga kwa heshima, "Bibi, leo sisi tunaondoka. Lakini yule mtoto akifa, utatuona."

Bibi hakubishana tena. Alifunga nguo zake na chungu kimoja. Tukapata lori la kushuka ziwani, kwa mama mdogo, mbele kidogo ya Mbamba Bay. Mtoto yule alipona, tulisikia baadaye. Sikusikia kwamba kuna aliyesema, basi bibi arudi.

Huko chini bibi alihangaika. Joto lilimchosha, harufu ya dagaa ilimkaba, na ugali wa muhogo alisema unateleza kabla hajautafuna. Ila alikwenda kukaa na akina mama wanaomenya muhogo, maana kukaa ndani peke yake aliogopa. Siku ya kwanza mmoja akamkaribisha kwa bashasha.

"Bibi mmetoka milimani? Huko kwa yule jumbe aliyezika watu wazima wazima? Tunasikia waliozidi aliwaleta huku ziwani kwa mamba!"

Wengine wakapiga ukelele wa hofu, ule wenye raha ndani yake. Kisu cha bibi kikasimama kwenye ganda. Nilimtazama. Nilifikiri atasema alivyoniambia mimi, kuhusu nguzo na kuku.

"Tulimsikia tu," bibi akasema. "Sisi tulikuwa ukoo mwingine. Tulikaa mbali."

"Alikuwa mrefu kweli?"

Baba yake alikuwa mfupi. Ufupi ule bibi ameurithi, na mimi pia.

"Mrefu," bibi akajibu. "Mlangoni alikuwa anainama."

Wakasogea, wakampa nafasi katikati ya mkeka. Bibi akaketi, akanyoosha miguu, akaendelea kuwasimulia, na alisimulia vizuri kuliko mwalimu.