Nilipotafuta Meza Kuu kwa Jirani

Jirani yangu Singasinga, mwenye gereji hapa Katesh, alinialika nyumbani kwake kwenye ibada ya nyimbo. Nilivaa suti, nikafunga kitambaa kichwani kama nilivyoelekezwa, nikaanza kutafuta meza kuu.

"Shikamoo mama. Wageni rasmi tunakaa wapi?" nilimuuliza mama yake, aliyenizidi mvi.

"Marahaba. Hapa kinachokaa juu ni Kitabu Kitakatifu tu. Sisi wote zuliani. Wenye magoti mabovu, viti vipo nyuma."

"Yangu ni mazima," nilijibu, kana kwamba shahada yangu ya chuo kikuu ilihusu magoti.

Nilihesabu nyimbo tisa, kwa kinanda na ngoma za tabla. Wenzangu wakainuka kwenda kula, mimi nikabaki.

"Mtazameni mzee huyu," mama akawanong'oneza wanawe. "Ibada imemwingia kweli."

Niliinamisha kichwa kwa unyenyekevu, nikisubiri ganzi itoke miguuni.