Kiti Alichoninunulia Mwanangu

Nilichuchumaa chooni nikashindwa kuinuka. Choo cha shimo, mlango wa gunia, jua la saa nne. Mapaja yalitetemeka, halafu yakawa kama si yangu. Nikashika ukuta, udongo ukabomokea mkononi. Mkamwana wangu, mke wa mwanangu, akanisikia nikikoroma kama ng'ombe aliyenasa kwenye tope.

"Baba, kuna nini?"

"Siinuki."

Kwetu Wasukuma mkamwana hamgusi baba mkwe, achilia mbali kumwinua akiwa hana suruali. Akasimama nje analia, kisha akapiga yowe. Mtaa wetu wa Kiseke karibu wote ukaja. Nilitolewa kwa kushikwa makwapa na wanaume wawili wa rika langu.

"Mzito huyu!"

"Mzito wapi, amekaa sana tu."

Huyo wa pili alisema kweli.

Kabla ya hapo nilikuwa mbeba magunia kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Gunia begani, ngazi ya mbao, juu na chini kutwa nzima. Soko huria lilipoingia, kiwanda kikauzwa. Tajiri mpya akaleta msimamizi, kijana, akatupanga uani akipita anatazama vichwa.

"Wenye mvi upande huu. Wazee wangu, mkapumzike."

Nilikuwa sijafika hata umri wa kustaafu.

Nyumbani mwanangu akamalizia. Akaninunulia kiti, akakiweka barazani. Nikishika ndoo, mkamwana anaipokea: "Baba, watu watanisema." Nikishika jembe, mwanangu anafoka: "Unanitia aibu, baba. Wataona sikutunzi." Nikakaa. Waliniheshimu mpaka miguu ikafa.

Baada ya ile aibu, daktari mmoja mama pale zahanati alinibonyeza paja, akanieleza bila kuficha. Ndani ya nyama ya mguu mna vitu vidogo mno, mfano wa majiko, vinavyogeuza chakula kuwa nguvu. Umri unavipunguza na kuvichosha. Kukaa bure kunavipunguza zaidi. Ukiutumikisha mguu, mwili unatengeneza vingine; si kama vya ujana, lakini vinawaka.

"Kwa hiyo nirudi kubeba?"

"Anza kwa kuinuka kwenye hicho hicho kiti, bila kujishikilia."

Basi kiti chao nikakigeuzia kibao. Inuka, kaa, inuka. Kisha ndoo nusu, baadaye ndoo nzima. Kisha kile kilima cha mawe nyuma ya nyumba. Vijana wakanicheka.

"Babu, unaenda mgambo?"

"Naenda chooni. Peke yangu!"

Na ninakwenda. Nachuchumaa, nainuka, nafunga mkanda mwenyewe. Mkamwana bado ananyoosha mkono apokee ndoo. Simpi.

Mwanangu nilimuuliza mbele ya mkewe nani alimwambia nimekwisha, akainamisha kichwa. Hilo nimelipokea kama jibu. Aliyebaki kunijibu ni yule msimamizi wa kiwanda. Nilikutana naye kwenye kivuko cha Kamanga, nina gunia la mihogo begani. Akanipa shikamoo kwa adabu zote. Sikuitikia.

"Ulitazama mvi, hukutazama miguu," nikamwambia. "Nani alikuambia tumekwisha? Nijibu kwanza. Marahaba yako utaipata baadaye."