Sabufa ya Pili

Usiponiamini, shauri yako. Mimi si mlevi wala si mtunzi wa hadithi. Ni fundi, na ufundi wangu ulikuwa wa kupima. Kitu kisichopimika huwa nakicheka. Hiki ninachokusimulia nilikipima kwa mita, nikakipima tena kwa kiganja changu mwenyewe, na sijakicheka mpaka leo.

Ilikuwa miaka ile biashara zilipofunguliwa, magari ya mtumba kutoka Japani yakaanza kumiminika Arusha, na kila kijana aliyepata gari akataka muziki wa kutikisa vioo. Banda langu lilikuwa Lemara. Mdogo wangu Elia alikuwa amenunua gari dogo jeupe, na Jumamosi ya wiki hiyo ndilo lingembeba dada yetu Anna kwenda kuolewa Ngaramtoni. Nilikuwa nimewatangazia watu wote kwamba bibi harusi wetu atasikika kabla hajaonekana. Nilijisifu sana, nakiri.

Sasa, amplifaya ya Elia ilikuwa ya chaneli moja. Ukiifungia sabufa moja, ile spika ya besi, yenye ukinzani wa omu nne, inaimba kivivu, nguvu nusu. Ukifunga mbili, waya mwekundu kwa mwekundu na mweusi kwa mweusi, mita inasoma mbili, na hapo ndipo inatoa yote iliyo nayo. Lakini lazima ziwe pacha. Ukichanganya tu ovyo, moja inabeba mzigo na nyingine inategea, mwisho unaunguza zote. Na mimi nilikuwa na moja tu.

Hiyo moja niliipata kwa muuza vyuma chakavu. Ilitoka kwenye gari lililopata ajali barabara ya Nairobi. Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa na sharti: spika ya gari lililoua haifungwi mpaka ndugu wa marehemu waseme wameiachia. Imekaa nyuma ya mgongo wa mtu miaka mingi, alisema, inamjua. Mimi nikaona ni maneno ya wazee. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na guu langu lilikuwa linasubiri siku tu.

Ijumaa ile alasiri mvua ilinyesha, ukungu ukashuka kutoka Meru mpaka ukafunika barabara. Elia alikuwa ameenda kuchukua suti yake, gari ameniachia. Nikasikia hodi. Aliingia mtu wa rika langu, amevaa suti nyeusi, vifungo vyote vimefungwa mpaka juu. Nikadhani ni mgeni wa upande wa bwana harusi. Mikononi alikumbatia kitu kilichoviringishwa kwenye khanga, na khanga ilikuwa na udongo mbichi.

Akaifungua. Ilikuwa sabufa, pacha wa ile yangu, hata alama ya rangi nyeupe ukingoni ilikuwa ileile.

Alisema mwenzake iko humu ndani, nizifunge pamoja. Sikumuuliza amejuaje. Wewe ungeuliza? Una harusi kesho, na kitu ulichozunguka mji mzima kukitafuta kimekuja chenyewe mlangoni? Nikamuuliza tu anataka nini. Akasema anataka kukaa garini wakati najaribu.

Nikaipima: nne. Nikagusisha betri ya tochi kwenye ncha zake, ile karatasi ya katikati ya spika ikasukuma mbele vizuri. Nikaifunga ndani ya boksi na mwenzake, nikalipakia kwenye buti. Mita ikasoma mbili kamili. Jamani, nilifurahi.

Mimi besi siisikilizi kwa masikio. Namkalisha mteja kiti cha nyuma, naweka kiganja mgongoni kwake. Pakitetemeka hapo, kazi imekwisha. Basi nikamkalisha, mkono wa kulia nikauweka mgongoni. Nimeshika migongo mingi, ndugu yangu. Kila mgongo una kitu: pumzi, moyo, hata kikohozi kidogo. Ule haukuwa na kitu. Ulikuwa baridi na umetulia kabisa.

Kisha nikasikia, kutoka kwenye buti: du-du. Du-du.

Nikachungulia nyuma ya kiti: karatasi zote mbili zilikuwa zinasukuma na kurudi, taratibu, kwa pamoja. Nikaangalia mkono wangu wa kushoto. Waya wa kwenda kwenye amplifaya ulikuwa bado mkononi mwangu. Haukuwa umefungwa popote.

"Nilikuwa na moja," alisema bila kugeuka. "Moja haitoshi."

Kisha akauliza:

"Hii gari kesho inaondoka saa ngapi?"

Hapo nikamwona akilini dada yangu Anna na shela lake, amekaa pale pale alipokaa yule mtu. Nikaogopa, na hasira zikanipanda, nyingi zikiwa za kujikasirikia mwenyewe. Nikazishika nyaya za sabufa nizing'oe. Akageuka. Ulikuwa uso wa mtu wa kawaida tu, na alikuwa analia.

"Ukizitenganisha nitanyamaza tena," alisema. "Huko kimya ni kingi, kaka."

Niambie, ungefanya nini? Mkono ulitaka kuvuta, moyo ukakataa. Nikamuuliza kwao ni wapi. Akasema Akheri, akanielekeza mpaka rangi ya mlango.

"Sizitenganishi," nikamwambia. "Nazipeleka kwenu zote mbili. Lakini harusini kwa dada yangu huendi."

Du-du ikapungua, ikapungua, ikakoma. Kwenye kiti ukabaki udongo.

Sikumngoja Elia. Niliomba pikapu ya jirani, nikapakia boksi na ile khanga, nikafika Akheri jua halijazama. Baba mwenye nyumba nilipomwamkia shikamoo hakuitikia. Macho yake yalikuwa kwenye boksi. Mwanawe alikufa kwenye ajali ile, alisema. Sabufa moja waliiokota, nyingine ikaibwa palepale barabarani. Ile waliyoiokota waliizika naye, imeviringishwa khanga ya mama yake. Akanipeleka mgombani nyuma ya nyumba. Kaburi lilikuwa zima, nyasi zimeota juu yake. Mama alichukua khanga mikononi mwangu, akainusa, akakaa chini.

Tulizifukia zote mbili pembeni ya kaburi, waya mwekundu kwa mwekundu, mweusi kwa mweusi, kama nilivyoahidi. Baba akaniuliza, na betri? Nikamwambia haihitajiki, nikainamisha kichwa.

Anna aliolewa kwa honi tu, na Elia alininunia mwezi mzima. Lakini walifika salama. Mimi muziki wa magari niliuacha, maana kiganja changu cha kulia kilikufa ganzi siku ile na hakijapona. Nashika bati la moto, nashika barafu, sijui tofauti. Kwa hiyo nakuonya wewe unayependa vya mtumba: kabla hujafunga spika, uliza ilikuwa nyuma ya mgongo wa nani, na kama watu wake wameiachia. Usiponisikia, utasikia mengine.

Mwaka jana wakati wa mvua nilipita Akheri. Nilimkuta yule mama amekaa kwenye kigoda kando ya kaburi, mkono ameulaza chini. Alichukua kiganja changu, kile kilichokufa, akakilaza kwenye udongo karibu na chake.

Hakisikii kitu kingine chochote duniani. Pale kilisikia.