Ripoti Haiingiliwi

Tuelewane mapema: Sista Asnath hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya, habari hii ingesimulika kwa urahisi. Tungemlaani tukaenda zetu. Alikuwa mtoto wa mkulima wa uwele kutoka Chamwino, akapelekwa kuwa muuguzi mfawidhi kwenye kituo cha afya kimoja huko Chemba, akakuta wauguzi wanafika saa nne na paka kazalia kwenye kabati la dawa. Paka na wanawe aliwatoa siku ya kwanza. Wauguzi walimchukua mwaka mzima.

Miaka kumi na moja baadaye shuka zilikuwa nyeupe, dawa zilikuwepo, na hakuna aliyechelewa. Wageni wa mkoani walipiga naye picha, ikatundikwa ukutani. Watumishi walimwita Mama Nidhamu. Alijua, na jina lilimpendeza.

Kilele cha nidhamu hiyo kilikuwa ripoti ya asubuhi. Saa moja na nusu kamili wauguzi wote, waliokesha na wanaoingia, wanasimama chumbani kwake, mlango unafungwa, wodi zinabaki na wahudumu. Anasema yeye, wengine wanaitikia. Editha, muuguzi wa umri wa mwanawe, aliwahi kumkatiza akitaka kusahihisha dozi. Alisemwa mbele ya wenzake mpaka akatamani ardhi ipasuke immeze. Na dozi ilikuwa imekosewa kweli! Tangu siku hiyo Editha alibaki na jibu moja tu: "Sawa, sista." Asnath alipenda kuwakumbusha kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mkuu asiyesikia huvunjika nini, hakuwahi kujiuliza.

Mhudumu wa wodi ya wazazi aliitwa Tabu, Msandawe wa pale pale, aliyemzidi Asnath miaka sita. Wakikutana sokoni Asnath alimwamkia, "Shikamoo, Mama Shaaban," na goti analikunja. Ndani ya geti hapakuwa na shikamoo wala Mama Shaaban. Palikuwa na Tabu na ndoo yake. Lakini Tabu alikuwa amefua vitenge vya wazazi miaka ishirini. Akikishika kitenge mkononi alijua kama damu ile ni ya kawaida, kabla hata kipimo cha presha hakijatolewa kwenye mfuko wake.

Jumanne moja ya Machi, saa moja asubuhi, Naima alijifungua salama mtoto wa kike, uzazi wake wa pili. Mumewe Suleiman alikuwa nje kwenye benchi na chupa ya uji. Editha alimfunika mama, akatazama saa, akakimbilia ripoti. Mama aliyejifungua sasa hivi haachwi. Editha alilijua hilo tangu chuoni, na Asnath mwenyewe alikuwa akilifundisha. Ila kuchelewa ripoti kulitisha zaidi.

Tabu alibadilisha kitenge cha kwanza. Cha pili kililowa mapema mno. Cha tatu hakukipeleka kwenye beseni. Alikimbia nacho hadi mlango wa ripoti, akabisha, akafungua.

"Samahani sista, yule mama…"

"Tabu! Deki umemaliza?"

"Bado, ila yule mama…"

"Ripoti haiingiliwi. Kama una la kusema, mngoje muuguzi wako atoke. Funga mlango."

Wauguzi saba walikiona kile kitenge. Asnath naye alikiona, na tuseme ukweli, alikiona vizuri. Hakuna aliyefungua mdomo. Tabu akaufunga mlango taratibu ili usigonge.

Dakika ishirini zikaenda kwenye habari za sare na viatu vya wazi. Editha aliporudi wodini Naima alikuwa wa baridi, midomo imepauka, damu imejaa kwenye mpira wa kitanda inachuruzika sakafuni, na Tabu anamsugua tumbo kama alivyowaona wauguzi wakifanya, huku analia kwa Kisandawe. Hapo ndipo wote walipofanya kazi, na waliifanya vizuri: sindano, dripu mbili, gari likawashwa. Dawa ilikuwepo kabatini, imepangwa kwa tarehe. Saa mbili na nusu Naima akakata roho. Asnath alitoka mwenyewe kumwambia Suleiman. Masikini, Suleiman akauliza kama uji aurudishe nyumbani.

Kikao cha kujadili kifo kilikaa wiki iliyofuata. Daktari Nikodemo wa wilayani alianza kwa kusema hawakuja kumtafuta mchawi, kisha akaanza kumtafuta. Nani alikuwa wodini? Tabu. Aliona damu? Aliona. Alimwambia nani? Tabu alitazama sakafu aliyoideki asubuhi ile. Mkataba wake ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja. Kumtoa kazini kulihitaji kalamu tu. Wauguzi saba walitazama viatu vyao.

"Basi tuandike kwamba mhudumu hakutoa taarifa," alisema Nikodemo. "Sista Asnath, sawa?"

Neno lililotakiwa lilikuwa "sawa", lile lile alilowazoeza wenzake. Lilishamfika ulimini. Aliwaza picha ile ukutani, akawaza miaka mitatu iliyobaki astaafu, akaona aibu. Akasimama.

"Si sawa, daktari. Alikuja na kitenge mkononi. Nilikiona, nikamwambia afunge mlango. Na hawa wamenyamaza kwa sababu mimi ndiye niliyewafundisha kunyamaza."

Mwezi ule ule alivuliwa ufawidhi, akabaki muuguzi wa zamu. Tabu hakuguswa. Asubuhi ya kwanza Asnath alimkuta kwenye karo, ndani ya geti, anafua. Akapiga goti pale pale, watu wakiona.

"Shikamoo, Mama Shaaban."

"Marahaba."

"Nisamehe, mama."

Tabu alikamua kitenge mpaka maji yakaisha.

"Ulisema kweli, nakushukuru. Ila ulisema wakati Naima keshazikwa. Na mimi ule mlango ningeupiga teke, nikauacha wazi, nikapiga kelele. Niliufunga. Tumechelewa wote wawili, sista." Akakikunjua kitenge, akakikung'uta. "Pisha kidogo, nianike."