Marahaba ya Kwenye Kompyuta

Juzi, kwenye intaneti kafe hapa Karatu, mzee wa Mang'ola alitaka kuuliza jukwaa la wakulima kwa nini vitunguu vyake vinaoza ghalani.

"Babu, andika swali tu," dada wa pale alimwelekeza.

"Bila salamu?" Akaandika kwa kidole kimoja: *Shikamooni*. Akakunja mikono, akangoja.

Jibu likaja: *Marahaba, mwanangu.*

Mzee akaruka kitini. "Mwanangu! Muulize ana miaka mingapi!"

*Ishirini. Samahani, shikamoo babu.*

"Marahaba," mzee akaiambia kompyuta kwa sauti. "Sasa tuongee vitunguu." Kioo kikaandika: muda umekwisha.

Jana nilimkuta tena, akiandika: *Jana tuliishia kwenye salamu. Vitunguu vinaoza.*

Nimefundisha watoto miaka mingi. Wachache hushika somo upesi hivyo.